Altaneta mbili, bodi moja: kwa nini betri ya mbele ya M1008 inakufa peke yake

Swali

Mtaalamu, habari za kazi. Nina pikapu aina ya M1008 ya mwaka 1985, ile Chevrolet iliyokuwa ya jeshi la Marekani, injini ya dizeli ya lita 6.2. Nikifungua swichi, taa ya GEN 1, ya altaneta ya kwanza, inawaka, na injini ikishika inazima. Taa ya GEN 2, ya altaneta ya pili, haiwaki kabisa, si kabla ya kupiga stata wala baada yake. Geji ya volti inalala kwenye njano. Betri ya mbele inakufa kila baada ya siku chache, ya nyuma haina neno. Nimeshabadilisha betri zote mbili, na altaneta ya upande wa abiria imepelekwa kwa fundi ikasukwa upya, lakini hali ni ile ile. Fundi akiipima altaneta hiyo, injini ikiwa inaunguruma, anapata volti 12 na ushee, anasema moto upo. Mwingine ananishauri nigeuze gari lote liwe la volti 12 niachane na usumbufu. Redio na chaja za simu nimezichukulia moto kwenye betri ya nyuma; je, hilo ndilo linaloniponza? Nianzie wapi?

Jibu

Ndugu, kwanza usinunue kitu kingine chochote. Taa ya GEN 2 isiyowaka ukifungua swichi imeshakueleza zaidi ya nusu ya tatizo, na ile volti 12 na ushee ya fundi wako imeeleza sehemu kubwa ya iliyobaki. Yeye ameisoma kuwa habari njema. Kwenye altaneta hiyo, injini ikiwa inazunguka, hakuna mahali popote ambapo 12 na ushee ni jibu zuri. Ili uone kwa nini, itabidi tupitie kidogo jinsi gari hili lilivyofungwa waya, maana mafundi wengi wazuri wa magari ya kawaida hukwama hapa, na si kwa uzembe. Wamezoea kwamba bodi ya gari ndiyo hasi ya kila kitu. Kwenye M1008, na ndugu yake M1009, bodi ni hasi ya nusu moja tu ya mfumo.

Jeshi lilitaka stata ya volti 24 na tundu la volti 24 la kuwashia gari kutoka gari jingine la kijeshi. General Motors nao walikuwa na gari la kiraia lenye taa, honi, wepa na feni za volti 12. Badala ya kusanifu gari upya, walifunga betri mbili za volti 12 kwa mfuatano, kisha kila betri wakaipa altaneta yake ya volti 12. Stata inakula kutoka betri zote mbili kwa pamoja. Taa na vitu vingine vya kawaida vinakula betri moja tu. Hita plagi, vile vipasha joto vya kusaidia dizeli kuwaka asubuhi, zenyewe ni za volti 12, lakini kiwandani zililishwa kutoka 24 kupitia rezista kubwa zilizofungwa kwenye ukuta wa chuma kati ya injini na kabini.

Ichukulie kama nyumba ya ghorofa moja. Betri ya chini ina hasi yake kwenye bodi na chanya yake kwenye volti 12. Betri ya juu ina hasi yake kwenye ile ile volti 12, yaani dari ya chini ndiyo sakafu yake, na chanya yake inafika 24. GEN 1, altaneta ya upande wa dereva, inachaji betri ya chini. GEN 2, ya upande wa abiria, inachaji ya juu. Kiwandani betri ya nyuma ndiyo ya chini na ya mbele ndiyo ya juu, lakini magari haya yamepita mikono mingi, kwa hiyo fuata kebo kwa macho na vidole: betri ambayo hasi yake inaishia kwenye bodi ndiyo ya chini, popote ilipokaa.

Sasa ona kwa nini ya mbele inakufa peke yake. Ukipiga stata, ampea zile zile zinapita kwenye betri zote mbili, kwa hiyo zote zinachoka sawasawa. Injini ikishika, GEN 1 inairudishia ya chini kilichotoka. GEN 2 imelala, ya juu hairudishiwi kitu. Kesho unapiga stata tena, hita plagi zinachota tena, na pengo linazidi kupanuka. Betri mpya inakupa siku chache zaidi, basi. Ndiyo maana kubadilisha betri kulionekana kusaidia kisha kukawa si kitu.

Geji yako nayo haidanganyi, ila inasema mambo nusunusu. Inasoma jumla ya volti 24. Betri ya chini ikiwa inachajiwa kwa 14.1 na ya juu imebaki 12.3, jumla ni 26.4, na sindano inakaa njano kana kwamba gari zima linachaji kwa uvivu. Kumbe nusu moja inachaji vizuri kabisa na nusu nyingine haichaji hata chembe.

Chukua mita ya dijitali. Kabla ya kuwasha, gari likiwa limelala usiku mzima, gusa terminali mbili za betri ya chini, uandike. Kisha gusa terminali mbili za betri ya juu, hasi yake na chanya yake yenyewe, si bodi, uandike. Betri nzima iliyojaa na kupumzika inasoma 12.6 hadi 12.7. Ikisoma 12.4 imebaki kama robo tatu, 12.0 imebaki kidogo sana, na chini ya 11.9 ihesabu kuwa tupu. Betri mbili za namna hii zikipishana kwa zaidi ya desimali mbili au tatu, kuna moja inayonyonywa au isiyorudishiwa.

Washa injini, iache ipande kidogo juu ya mwendo wa kupumzika, upime tena vile vile, kila betri kwa terminali zake. Kila moja inatakiwa iwe kati ya 13.8 na 14.5. Kwa maelezo yako natarajia ya chini ikupe 14 na kitu, ya juu ikupe 12 na kitu inayoshuka polepole. Ukipata hivyo, umethibitisha kwa dakika chache kwamba GEN 1 ni nzima na uchunguzi wote unahamia upande wa abiria.

Turudi kwa fundi wako. GEN 2 ina terminali kubwa mbili nyuma yake, ya chanya na ya hasi, kwa sababu hasi yake haipiti kwenye ganda. Injini ikizunguka na mambo yakiwa sawa, kati ya terminali hizo mbili unapata kama 14. Kati ya chanya yake na bodi unapata kama 28. Kati ya hasi yake na bodi unapata 14 vilevile, kwa kuwa hiyo ni volti ya betri ya chini inayochajiwa na GEN 1. Kama fundi alipata 12 na ushee kati ya terminali mbili za altaneta, alichokuwa anasoma ni betri ya juu iliyochoka, ikipitia kwenye kebo hadi kwenye mita yake. Altaneta haikuchangia kitu.

Swali linalofuata ni kwa nini haijaamka, na hapa ndipo ile taa inapoingia. Altaneta ya namna hii haizalishi umeme kwa kuzungushwa tu. Inahitaji moto kidogo wa kuamsha sumaku ya rota, yaani sehemu yake inayozunguka, na moto huo unakuja kwa waya mwembamba unaotoka upande wa taa ya dashibodi. Ukifungua swichi, mkondo unapita kwenye taa, unaingia altaneta, unatokea kwenye hasi yake, na taa inawaka. Injini ikizunguka na altaneta ikianza kuzalisha, pande mbili za taa zinakuwa na volti sawa, taa inazima. Taa isiyowaka kabisa maana yake njia hiyo imekatika mahali fulani: balbu, soketi yake, waya, kiungo nyuma ya dashibodi, plagi ya altaneta, au ndani ya altaneta kwenyewe kwenye kaboni, rota na regyuleta, kifaa kinachodhibiti volti ya chaji. Zipo altaneta ambazo ukikanyaga mafuta sana zinajiamsha kwa mabaki ya sumaku na kuchaji hadi utakapozima gari. Hilo huwachanganya watu, kwa sababu gari linachaji siku ya safari ndefu na kukataa kwenye mizunguko mifupi.

Taa ya GEN 2 haiwezi kulishwa volti 12 kama ya GEN 1, kwa sababu hasi ya GEN 2 yenyewe tayari iko kwenye volti 12. Lazima moto wake utoke upande wa 24. Kwa hiyo fanya hivi, taratibu. Injini imezimwa. Chomoa ile plagi ndogo ya nyaya mbili nyuma ya GEN 2. Fungua swichi. Weka ncha nyeusi ya mita kwenye terminali kubwa ya hasi ya GEN 2, si kwenye bodi, na ncha nyekundu kwenye waya wa taa ndani ya plagi, ule unaoingia kwenye pini namba 1 ya altaneta. Unatakiwa upate kama volti 12. Ukipata sifuri au karibu na sifuri, moto wa kuamsha haufiki.

Angalia mtego uliopo hapo. Fundi akiacha ncha nyeusi kwenye bodi, kama alivyozoea, akasoma 12 kwenye waya huo, atasema moto upo. Lakini 12 dhidi ya bodi ni sifuri mbele ya GEN 2. Dhidi ya bodi, waya huo unatakiwa usome kama 24. Nadhani karibu nusu ya altaneta za upande wa abiria zinazotupwa au kusukwa upya bila sababu zimehukumiwa kwa ncha nyeusi iliyokaa mahali pasipo pake.

Waya wa pili, wa pini namba 2, ndio unaoipa regyuleta habari ya volti ilivyo. Huo unatakiwa uwe na moto wakati wote, swichi ikiwa imefungwa au imefunguliwa: kama 12.6 dhidi ya hasi ya GEN 2, kama 25 dhidi ya bodi. Ukiwa na kutu au ukiwa umelegea, regyuleta inadhani betri ina njaa kuliko ilivyo na kuilazimisha chaji kupita kiasi. Hilo si tatizo lako la leo, lakini lipime ukiwa hapo hapo.

Kama moto wa kuamsha haufiki, bado hujui altaneta iliyosukwa ni nzima au la, na usiirudishe kwa fundi wake kabla ya kujua. Tafuta balbu ndogo ya volti 12, ya wati 3 hadi 5, ifunge nyaya mbili. Acha plagi ya gari ikiwa imechomolewa, kisha unganisha pini namba 2 na terminali kubwa ya chanya ya altaneta kwa waya mfupi wenye fyuzi. Kisha unganisha upande mmoja wa balbu kwenye terminali hiyo ya chanya, na upande mwingine kwenye pini namba 1. Balbu inaona tofauti ya volti 12 tu, kwa hiyo haiungui. Ikiwaka, rota na kaboni vinapitisha mkondo. Washa injini. Balbu ikizima na betri ya juu ikapanda hadi 14, altaneta yako haina tatizo na ugonjwa uko kati ya dashibodi na plagi. Balbu ikikataa kuwaka kabisa, altaneta imekatika ndani, na hapo fundi aliyeisuka ana maswali ya kujibu. Ikiwaka isizime hata injini ikizunguka, basi inaamshwa lakini haizalishi: dayodi, koili zisizozunguka za ndani ya altaneta (nazo huitwa stata, si ile ya kuwashia injini), au regyuleta.

Kwa maelezo yako mimi ningeweka dau langu kwenye nyaya, si kwenye altaneta, kwa sababu taa ilikuwa haiwaki kabla haijasukwa na haiwaki baada. Anza na balbu yenyewe. Itoe, iangalie kwenye mwanga, halafu ipime kwa mita, maana waya wa ndani unaweza kukatika mahali usipopaona. Safisha soketi. Kisha fuata waya. Nyaya za magari haya zimekaa muda mrefu karibu na injini yenye joto na mtetemo wa dizeli, na mahali zinapokatika huwa ni kwenye kona, pale ambapo gamba bado ni zima lakini shaba ndani imegeuka unga wa kijani. Vuta waya kidogo kwa vidole: ukinyooka kama mpira, ndani hakuna kitu.

Kuna sehemu nyingine ya kuangalia kwa karibu. Kwenye ukuta wa injini, upande wa abiria, kuna vibao vya kukusanyia nyaya: cha 24, cha 12 na cha hasi. Karibu navyo kuna vipande vifupi vya waya maalumu vinavyofanya kazi ya fyuzi. Vikiungua, gamba halipasuki kila mara. Unaviona vizima, ukivishika vinahisi vilaini au vimevimba kidogo, na mita inasema hakuna kupita. Vipime kimoja kimoja, betri zikiwa zimefunguliwa. Fungua nati za vibao vyenyewe pia, kwangua kutu kwa msasa hadi chuma ing'ae, rudisha na ukaze. Kazi hii inachafua mikono na haina sifa, lakini inaponya magari mengi kuliko altaneta mpya.

Taa ikirudi kuwaka na kuzima inavyotakiwa, bado usifunge boneti. Ampea zinaweza kutoka altaneta zisifike betri. Mara tu baada ya kuwasha, wakati betri ya juu ina njaa na inavuta kwa nguvu, weka mita kati ya terminali ya chanya ya GEN 2 na terminali ya chanya ya betri ya juu. Mita isome chini ya 0.3. Hamia upande wa hasi: terminali ya hasi ya GEN 2 na hasi ya betri ya juu. Isome chini ya 0.2. Ikizidi hapo, kuna kiungo kinachokula volti zako njiani, na ukigawa kebo vipande vipande kwa ncha za mita utakikuta. Upande wa hasi ndio husahaulika, tena kwa sababu ile ile: kila mtu anadhani hasi ni bodi na bodi haiharibiki. Hasi ya GEN 2 inategemea kebo na kibao cha 12, navyo vinaharibika kama kebo nyingine yoyote.

Kabla hujairudisha altaneta iliyosukwa, au kama imekaa tayari, hakikisha fundi hajabadilisha jamii yake. Altaneta za kiwandani za gari hili ni za ampea 100, na hasi yake imetengwa na ganda. Zipo altaneta za kiraia zenye umbo la kufanana nazo ambazo hasi yake ni ganda lenyewe. Upande wa GEN 1 hiyo itafanya kazi, kwa kuwa hasi ya GEN 1 inaishia kwenye bodi vyovyote vile. Upande wa GEN 2 ni balaa: ganda limefungwa kwa boliti kwenye injini, injini iko kwenye bodi, na hasi ya altaneta imefungwa kwenye volti 12. Umeunganisha chanya ya betri ya chini na bodi moja kwa moja. Kebo itatoa moshi kabla hujafunga boliti ya mwisho. Kipimo chake ni rahisi: kebo zote zikiwa zimetolewa, mita kwenye omu, ncha moja kwenye terminali ya hasi ya altaneta na nyingine kwenye chuma tupu cha ganda. Isionyeshe kupita. Kwa kuwa yako haijatoa moshi, pengine iko salama, lakini fundi anaweza kurudisha kihami kibovu wakati wa kufunga, na ni bora ulijue hilo mezani kuliko ndani ya gari.

Mikanda sitaisemea sana. Ukiibonyeza katikati kwa kidole gumba ikubali kama sentimita moja na kidogo, isiwe na mng'ao wa kioo pembeni. Mkanda unaoteleza unawasha taa ya chaji, hauizuii kuwaka, kwa hiyo si wa kwanza kwenye orodha yako.

Kama baada ya yote hayo ya juu inachaji 14 mchana na bado asubuhi iko chini, basi kuna kinachoiba usiku. Hapa mfumo wa betri mbili unakupa faida ambayo gari la kawaida halina. Ukitoa kebo ya chanya ya betri ya juu na kuweka ampea-mita katikati, unasoma vile tu vinavyokula kutoka 24. Ukitoa kebo ya hasi ya betri ya chini na kuweka mita hapo, unasoma gari zima. Ukilinganisha hizo mbili unajua mwizi anaishi ghorofa gani kabla hujagusa fyuzi hata moja. Gari lililolala lisile zaidi ya miliampea 50. Mshukiwa wangu wa kwanza kwa upande wa 24 ni rilei ya hita plagi, ambayo kontakti zake zinaweza kuganda zikabaki zimefunga. Ukifunga swichi na kuondoka, plagi zinaendelea kupashwa, na kufikia asubuhi umepoteza betri pamoja na plagi. Gusa rilei na rezista dakika chache baada ya kuzima gari. Zikiwa bado zina joto kali, umempata.

Redio na chaja zako hazina hatia. Kwenye gari hili betri ya chini ndiyo iliyokusudiwa kulisha vitu vya volti 12, na ina altaneta yake. Ungekuwa na Humvee, au Land Rover ya redio ya volti 24, jibu lingekuwa jingine kabisa. Kule mara nyingi altaneta ni moja na inachaji betri mbili kama kitu kimoja cha volti 24. Ukichota 12 kutoka betri moja, altaneta haioni tofauti. Inaendelea kusukuma hadi jumla ifike 28, ile uliyoichota inabaki na njaa na mwenzake inachemshwa hadi maji yanakauka. Kule unafunga kibadilishaji cha 24 kwenda 12 au kisawazishi cha betri, hakuna njia ya mkato. Ushauri wa gari moja usiupeleke kwenye jingine kwa sababu tu yote yamepakwa rangi ya kijani.

Ila angalia kama mwenye gari aliyekutangulia alihamishia hita plagi kwenye volti 12 na kuondoa rezista, badiliko ambalo wengi hulifanya. Si baya, lakini mzigo wote wa plagi unahamia betri ya chini na GEN 1, na hesabu ya nani anamchosha nani inabadilika.

Kuhusu kugeuza gari zima liwe la 12: inawezekana, na wapo walioridhika nalo. Lakini stata yako ni ya 24, kwa hiyo utaibadilisha. Utapanga upya moto wa hita plagi, geji, na nyaya za vibao. Utapoteza lile tundu la kuwashia. Na kazi yote hiyo utaifanya juu ya nyaya zile zile zenye kutu ambazo hujazipata bado. Tengeneza kwanza, kisha kama bado unataka kugeuza, geuza gari zima, si gonjwa.

Sasa usalama, na hapa sina utani. Vua pete na saa. Betri hizi zinayeyusha spana. Kabla ya kufungua chochote kwenye altaneta au vibao, toa kebo ya hasi ya betri ya chini ile inayokwenda kwenye bodi, na uirudishe ya mwisho. Usichomoe betri injini ikiwa inazunguka ili "kuona kama inachaji". Volti inaruka ghafla na kuua regyuleta na dayodi. Na kuna moja ambalo watu hawalifikirii. Ukiomba gari la kawaida likusaidie kuchaji betri ya juu kwa kebo, hasi ya gari hilo ni bodi yake, nawe umeifunga kwenye hasi ya betri yako ya juu, ambayo ina volti 12 dhidi ya bodi yako. Bampa mbili zikigusana, betri ya chini imepigwa shoti kupitia gari la jirani. Acha nafasi ya kutosha kati ya magari, na wasishikane kwa mnyororo wala kwa chochote cha chuma.

Bora zaidi, usitumie gari la mtu. Altaneta imeundwa kutunza betri iliyojaa, si kufufua iliyokufa. Kabla ya vipimo vyote nilivyokueleza, itoe kebo betri ya juu, uichaji usiku mzima kwa chaja ya kawaida ya volti 12, iache ipumzike saa chache, kisha uipime. Isiposhika 12.5 baada ya hapo, kule kufa na kufufuka mara kwa mara kumeshaiumiza, na utahitaji nyingine ya aina na ukubwa sawa na mwenzake. Ukishafunga kila kitu, ipime tena siku ya pili na ya saba, kila betri kwa terminali zake. Ya juu ikizidi 15 injini ikizunguka, zima, uende moja kwa moja kwenye ule waya wa pini namba 2.